Bonde la Msimbazi: nani analipia ramani ya mafuriko, na nani anaisikiliza?

Kama unashabikia Simba au Yanga, jina la bonde hili liko mdomoni mwako kila wiki, hata kama hujawahi kukanyaga Dar es Salaam. Yanga wanaitwa Wanajangwani kwa sababu makao makuu ya klabu yako makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Simba wanaitwa Wekundu wa Msimbazi kwa sababu klabu iko Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mto Msimbazi nao unapita jirani, kati ya Magomeni na Kariakoo, na Barabara ya Morogoro inauvuka pale Jangwani.

Mvua kubwa ikinyesha, mto huo unafurika na barabara inafungwa. Mabasi ya mwendokasi yanasimama. Magari ya mizigo yanatafuta njia za kuzunguka, na njia hizo nazo zinajaa.

Msikilizaji wetu wa Gairo, Kilosa au Turiani unaweza kuuliza: mafuriko ya Dar yananihusu nini? Yanakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, sabuni, betri, madaftari na kanga unazoziona katika duka la kijijini kwako, kwa sehemu kubwa zimepita Kariakoo. Jangwani ikifungwa, mwenye duka lako anakwama. Pili, serikali imekopa fedha nyingi kulitengeneza bonde hilo, na deni la taifa hulipwa na taifa zima, ukiwemo wewe mwenye ekari mbili za mahindi.

Nakumbuka masika moja nilikwama Magomeni Mapipa. Pembeni yangu alisimama mama mmoja mwenye begi tupu, amekuja mjini kuchukua mzigo wa duka.

"Shikamoo mama. Na wewe umekwama?"

"Marahaba mwanangu. Gesti nimeshalipa mara mbili, na mzigo wenyewe sijauona."

Kutoka pale tuliposimama hadi Kariakoo ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Siku ile ilikuwa mbali kama mkoa mwingine.

Katika makala haya tunaangalia kazi ya watu waliojaribu kujibu swali ambalo mama yule angependa kujibiwa: maji yatafika wapi, na nini kifanyike? Kazi hiyo inaitwa Ramani Huria. Baadaye ilizaa shirika la Kitanzania lisilo la kiserikali linaloitwa OpenMap Development Tanzania. Tutauliza maswali matatu: wamefanya nini, nani aliwasikiliza, na nani aliwalipa?

Mvua ni jambo moja, maji ni jingine

Wengi wetu tukisikia habari za hali ya hewa tunafikiria Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Kazi ya TMA ni kutuambia mvua inakuja lini, kiasi gani na upande gani wa nchi. Hiyo ni kazi kubwa na muhimu.

Lakini TMA ikisema mvua kubwa inatarajiwa Dar es Salaam, bado hujajua kama maji yataingia nyumba yako au ya jirani. Mvua ni ileile kwa wote wawili. Yeye yuko mwinuko kidogo, wewe uko karibu na mfereji ulioziba. Tofauti hiyo haionekani angani. Inaonekana chini: mwinuko wa ardhi, upana wa mfereji, kalavati lililojaa mchanga, ukuta uliojengwa juu ya njia ya maji.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka kupitia maeneo kama Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani, kisha unamwaga baharini karibu na Daraja la Salenda. Ndiyo maana siku nyingine Kariakoo hapajanyesha sana, lakini maji yanafika. Yamenyesha juu, yanashukia chini.

Zamani sehemu kubwa ya mvua hiyo ilinywewa na ardhi yenye miti na mashamba. Leo imefunikwa na mabati, saruji na lami, kwa hiyo maji yanakimbilia mtoni kwa wakati mmoja. Yanabeba mchanga na taka. Mchanga unatuama Jangwani ambako bonde ni tambarare, kina cha mto kinapungua, na mwaka unaofuata mvua kidogo zaidi inatosha kufurika. Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza uzito juu ya hayo, kwa sababu mvua kubwa za muda mfupi zinazidi kuwa tatizo.

Desemba 2011, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, Dar es Salaam ilipata mafuriko yaliyoua watu wasiopungua 40. Serikali iliwahamishia wakazi wengi wa mabondeni Mabwepande, nje ya mji. Wengine walirudi baada ya muda, kwa sababu kazi zao ziko mjini na Mabwepande ni mbali na sokoni. Mwaka 2014 yakaja tena. Aprili 2018 yakaja tena.

Wamefanya nini?

Ramani Huria ilianza mwaka 2015. Neno "huria" hapa lina maana ileile ya "soko huria": ramani iliyo wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa na bila kuomba ruhusa. Ramani yenyewe inawekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, namna ambavyo Wikipedia inaandikwa.

Waliohusika walikuwa wengi. Walikuwepo Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Benki ya Dunia, Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, na Humanitarian OpenStreetMap Team, shirika lisilo la faida lililosajiliwa Marekani baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010. Lakini waliotembea kwa miguu walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengi wao wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe.

Kazi ilikwenda hivi. Droni ziliruka juu ya mji kupiga picha. Wanafunzi walikaa kwenye kompyuta wakachora nyumba, njia na mifereji iliyoonekana kwenye picha. Kisha wakaenda mtaani na simu kuuliza yale ambayo picha haiwezi kusema. Mfereji huu una upana gani? Umejengewa kwa saruji au ni wa udongo? Umeziba? Unapeleka maji wapi?

Kuna hatua moja iliyonivutia zaidi. Walikwenda na wakazi wa siku nyingi wakawauliza: mafuriko yale makubwa, maji yalifika wapi? Mzee anakuonyesha alama ukutani. Mama anakuambia maji yalimfika kiunoni akiwa mlangoni pa jiko. Majibu hayo yakawekwa kwenye ramani. Kumbukumbu ya mtaa ikawa takwimu ambayo mhandisi anaweza kuifanyia hesabu.

Walichora pia mipaka ya mashina. Tunajua kata, tunajua mtaa, lakini shina la mjumbe wa nyumba kumi lilikuwa kichwani mwa mjumbe tu. Wakati wa maafa, shina ndilo linalojua bibi gani hawezi kutembea na nyumba gani ina watoto peke yao. Kulijua lilipo ni jambo la uhai.

Mradi mkubwa ulipofika mwisho, Watanzania waliokuwa wameukulia hawakutawanyika wote. Baadhi yao ndio waliojenga OpenMap Development Tanzania. Hilo ni jambo la kuzingatia, kwa sababu miradi mingi ikiisha hubaki stika ya mfadhili mlangoni na kompyuta mbovu kabatini.

Nani aliwasikiliza?

Hapa lazima tuseme ukweli. Kujua na kusikilizwa ni vitu viwili.

Mafuriko ya mwaka 2011 yalionekana na nchi nzima. Kila mtu alijua Jangwani inajaa maji. Hata hivyo, baada ya hapo, kituo na karakana ya mabasi ya mwendokasi vilijengwa palepale Jangwani, na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Mvua za 2018 zikaikuta karakana bondeni na mabasi yakaharibika. Hapo hapakukosekana utafiti. Mwenye kalamu ya kuidhinisha hakutoa uzito kwa kile ambacho hata mtoto wa Magomeni angemwambia.

Kilichobadilika ni hiki. Mwaka 2018 zilifanyika kazi za pamoja za kupanga upya bonde zima. Serikali kuu, halmashauri, wataalamu, vyuo na wakazi walikaa meza moja, na matokeo yake yakawa mpango wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi. Safari hii waliokaa mezani walikuwa na ramani. Waliweza kuona nyumba moja moja, mfereji mmoja mmoja, na mahali maji yalipofika katika mafuriko yaliyopita. Mabishano ya "kwetu hayafiki" na "kwenu yanafika" yakawa na mahali pa kuangalia.

Mwaka 2019 Benki ya Dunia nayo ilichapisha utafiti uliokadiria kwamba mafuriko ya Aprili 2018 pekee yalizigharimu kaya za Dar es Salaam zaidi ya dola milioni 100. Kwa thamani ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 220. Hiyo ni ndani ya siku chache za mvua, na ni mifukoni mwa kaya: godoro lililooza, cherehani iliyoungua, siku za kazi zilizopotea.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Kuendeleza Bonde la Msimbazi. Hispania ikaongeza mkopo na Uholanzi ikatoa ruzuku, jumla ikawa takriban dola milioni 260. Mradi unasimamiwa na TARURA chini ya TAMISEMI. Ndani yake kuna kupanua na kuimarisha mto, kuinua daraja la Jangwani, kuihamisha karakana ya mwendokasi, na kuhamisha watu wanaoishi mahali pa hatari zaidi. Mkataba wa kujenga daraja jipya ulisainiwa mwaka 2024.

Kwa hiyo mstari unaonekana: alama ya maji ukutani kwa mzee, simu ya mwanafunzi, ramani, mpango, mkopo, daraja. Ramani peke yake haikuleta daraja, lakini bila yake mazungumzo yangekuwa ya kubahatisha.

Tukumbuke pia kwamba mazingira ya kutoa takwimu nchini hayakuwa rahisi kila wakati. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyofanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu za kupinga zile rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Shirika la utafiti likiogopa kusema namba zake, lina faida gani kwa mkazi wa bondeni?

Nani alilipa?

Kazi ya ramani inatumia vitu vya bei ya chini ukilinganisha na daraja: simu, wanafunzi, programu za bure. Lakini bado kuna nauli, chakula, droni, kompyuta, intaneti na mshahara wa watu wanaokagua kama kilichochorwa ni sahihi. Nani alivilipia?

Sehemu kubwa ililipwa na wafadhili wa nje. Benki ya Dunia iliendesha mpango wa kusaidia miji ya Tanzania kukabiliana na maafa, na fedha za mpango huo zilitoka serikali ya Uingereza. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulichangia. Vikundi vya wanafunzi wachora ramani katika vyuo, vinavyojulikana kama YouthMappers, vilianzishwa kimataifa mwaka 2015 kwa msaada wa USAID, shirika la misaada la Marekani.

Sasa tazama kilichotokea kwa hao waliolipa. Uingereza ilipunguza misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi asilimia 0.5 mwaka 2021. Februari 2025 ikatangaza itashuka hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025, na Julai mwaka huohuo shughuli za USAID zikafungwa. Maamuzi hayo yalifanyika London na Washington. Hakuna aliyeuliza Kigogo.

Hilo ni tatizo la kwanza la fedha za aina hii: ukimaliza muda wa mradi, umemaliza. Na ramani ya mafuriko inachakaa haraka kuliko nguo ya mtumba. Dar es Salaam inajengwa kila siku. Mfereji uliopimwa mwaka 2018 ukiwa wazi, leo huenda una fremu ya duka juu yake. Barabara imeinuliwa na maji yamebadili njia. Ramani ya zamani inaweza kukudanganya ukadhani uko salama.

Tatizo la pili halizungumzwi sana. Hebu tufuate fedha. Benki ya Dunia ilisaidia kugharimia ramani. Benki ya Dunia ilifanya utafiti wa hasara. Benki ya Dunia ilisaidia mpango wa bonde. Kisha Benki ya Dunia ikatoa mkopo. Mfuko mmoja umelipia swali, umelipia jibu, halafu umekopesha fedha za kutekeleza jibu.

Sisemi kuna wizi. Mafuriko ni ya kweli, waliokufa ni wa kweli, na barabara inafungwa kweli. Ninachosema ni kwamba anayelipia utafiti ndiye anayechagua nini kitafitiwe. Kama angekuwa halmashauri au wakazi wenyewe ndio walipaji, huenda swali la kwanza lisingekuwa mto mkubwa, lingekuwa taka: kwa nini gari la taka halifiki uswahilini na taka zinaishia mferejini? Huenda lingekuwa mchanga unaochimbwa mtoni. Hatujui, kwa sababu hatukulipa sisi.

Kinga iliyopo ni uwazi. Kwa kuwa ramani ni huria, mwanafunzi wa Sokoine pale Morogoro anaweza kuifungua na kupinga hesabu za mtaalamu wa Benki. Hilo si jambo dogo. Ripoti iliyofungiwa kabatini hakuna anayeweza kuihoji.

Ramani inaweza kukubomolea

Kuna wakazi waliowatazama vijana wenye simu kwa jicho la wasiwasi, na wasiwasi huo una msingi. Desemba 2015 serikali ilibomoa mamia ya nyumba katika bonde la Msimbazi, maeneo kama Hananasif na Mkwajuni. Kwanza ilikuja rangi nyekundu ukutani, herufi X, kisha likaja tingatinga. Watu walilala nje na watoto wakati wa mvua.

Ramani inayoonyesha nyumba iliyo hatarini inaweza kutumika kumwokoa mwenye nyumba. Inaweza pia kutumika kumwondoa. Kalamu ni ileile. Mradi wa sasa una utaratibu wa kuwafanyia tathmini na kuwalipa wanaohamishwa, na hiyo ni tofauti kubwa na tingatinga la 2015. Hata hivyo kumekuwa na malalamiko ya wakazi kwamba thamani waliyopangiwa ni ndogo, hasa pale nyumba inapohesabiwa kuwa ya udongo au ardhi kuwa ya hatari. Mtu aliyejenga taratibu kwa miaka ishirini, na ambaye biashara yake ya kuuza chakula inategemea kutembea hadi Kariakoo alfajiri, hawezi kuhesabiwa matofali tu.

Kwa hiyo kigezo cha kupima kazi ya shirika la utafiti wa aina hii hakiwezi kuwa idadi ya nyumba zilizochorwa. Tuulize: aliyetoa taarifa alirudishiwa nini? Aliona ramani iliyokamilika? Alielezwa itatumikaje? Mzee aliyeonyesha alama ya maji ukutani alijua kwamba alama hiyo itaingia kwenye mpango wa kuhamisha watu?

Sheria inasemaje kuhusu fedha za mashirika?

Tanzania tuna Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2019. Yako chini ya Msajili, katika wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Mashirika yanatakiwa kutoa taarifa za kazi na fedha kila mwaka. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza kwamba shirika linalopata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 litangaze hadharani chanzo na matumizi yake, na mikataba ya fedha ipelekwe kwa Msajili.

Kwa upande wa Marekani, shirika lisilo la faida hujaza kila mwaka fomu ya mapato na matumizi, na fomu hiyo ni ya wazi kwa umma. Mtu wa Magomeni mwenye intaneti anaweza kusoma mapato ya Humanitarian OpenStreetMap Team akiwa kwenye daladala.

Baadhi ya mashirika hulalamika kwamba kanuni zetu zinatumika kuwabana. Malalamiko hayo yana uzito pale sheria inapotumika kumnyamazisha anayekosoa. Lakini kwa mwananchi, haki ya kujua nani anamlipa mtafiti ni haki ya msingi. Daktari akikuandikia dawa, ungependa kujua kama duka la dawa ni la kwake.

Upungufu uko sehemu nyingine. Taarifa nyingi zipo kwa Kiingereza, na zipo mahali ambapo mjumbe wa shina hawezi kuzifikia. Kutangaza fedha kwa lugha ambayo waliohojiwa hawaisomi ni nusu ya kutangaza.

Kipi kifanyike fedha za nje zikipungua?

Kuna mambo yanayotia moyo. Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Turku cha Finland, walianzisha Resilience Academy, ambayo inafundisha wanafunzi kazi hii na kuhifadhi takwimu zake. Faida yake ni kwamba kila mwaka chuo kina wanafunzi wapya wanaohitaji mafunzo kwa vitendo. Mfadhili anaweza kuondoka. Wanafunzi hawaishi.

Lakini wanafunzi wanahitaji nauli na simu, na hapo ndipo halmashauri zinapoingia. Kariakoo na Jangwani ziko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kariakoo ni mahali ambapo kila meza, kila fremu na kila gari linaloshusha mzigo linatozwa kitu. Halmashauri zote nchini tayari hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Inawezekana pia kutenga fungu dogo, hata la sehemu ya asilimia moja, la kupima mifereji kila mwaka kabla ya masika. Mfanyabiashara wa Kariakoo angepata kitu kwa ushuru wake, na mama yule wa Magomeni Mapipa asingelipa gesti mara mbili.

Halmashauri ikilipa, inapata pia haki ya kuuliza swali lake yenyewe. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Taifa linaloazima fedha za kujenga daraja halina aibu. Mataifa mengi yanafanya hivyo. Lakini taifa linaloazima hata fedha za kujiuliza maji yanapita wapi nyumbani kwake litakuwa linajibu maswali ya wengine kila siku.

Wakija kijijini kwako

Usidhani haya ni ya Dar peke yake. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Rufiji na Kibiti mashamba yalizama. Kilosa tunaijua. Watafiti wa tabianchi wanafika vijijini na wataendelea kufika, wakiwa na fomu, simu na droni.

Wakija, wapokee vizuri. Ujuzi wako wa mto na mvua ni mali, na unaweza kuokoa watu. Lakini kabla ya kuanza kujibu, uliza mambo manne, kwa adabu, mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa:

Kibali chenu cha utafiti kiko wapi, na ofisi ya kijiji ina nakala?

Nani anawalipa, na mradi unaisha lini?

Majibu yetu yataonekana wapi, na nani mwingine ataruhusiwa kuyatumia?

Mtarudi lini kutuonyesha mlichopata, kwa Kiswahili?

Mtafiti mzuri hatachukia maswali hayo. Waliofanya kazi nzuri Jangwani na Kigogo walifaulu pale walipokaa na mjumbe, wakatembea na wakazi, na kuacha ramani wazi kwa kila mtu. Walipungukiwa pale ambapo fedha ziliisha kabla mfereji haujapimwa mara ya pili.

Masika itarudi. Ukisikia redioni kwamba Jangwani imefungwa, jiulize pamoja nasi: safari hii ramani ilikuwepo, je, aliyepaswa kuisoma aliisoma?